Jiwe Gani, Yaya?

Baraka, 6 Juni 2022

Kwako yaya Mwanahamisi wa Kazimia, dada yangu mukubwa mwenye mudomo mutamu na fimbo karibu,

Asalaam alaykum. Huku nyumbani bote ni bazima isipokuwa muguu wangu, na huo nitakuelezea. Muke wangu anakusalimia. Anasema ndakala ulizotuma zilikuwa tamu lakini nusu yake muchanga. Nimemwambia anyamaze, muchanga wa Kazimia unapimwa pamoja na samaki tangu enzi za babu. Mvua imekatika, vumbi imeamka, na kila kitu dukani kwangu, saa, taa, telekomande za televisheni, kimekuwa rangi moja.

Muguu ni hivi. Nilipanda pikipiki nyuma ya kijana mumoja anayejiona ndege, tukakutana na mbuzi karibu na soko, na mbuzi hakuona sababu ya kutupisha. Mufupa ulivunjika, sasa niko na plasta kuanzia vidoleni mpaka juu ya goti. Nauza nikiwa nimekaa, muguu juu ya kiti mbele ya bateja. Banafikiri nimekuwa chifu.

Usiniulize kwa nini nakuandikia karatasi na niko na telefone mbili. Ni weye ulikataa. Tangu ile audio yako juu ya bibi harusi wa Lusenda na namna anavyokula, ikaingia kwenye grupu ya ukoo, ikatoka huko ikapigwa kwenye spika harusini kwenyewe, mama mukwe akisikiliza, uliapa kwamba mudomo wako hautaingia tena ndani ya telefone. Kiapo ni kiapo. Na antena yenu huko inalala kuliko inavyoamka. Gordien wa boti anabeba karatasi bila kuisikiliza, basi tumutumie yeye.

Sasa neno lenyewe. Kila ukishika tasbihi, muntu akipiga hodi unasahau umefika wapi, unaanza upya kwa hasira, na dhikri ya hasira sijui malaika banaiandika upande gani. Nimekutumia dawa. Ni kamashine kadogo ka kijani, kanavaliwa kidoleni kama pete. Unataja, unabonyeza, kanaandika moja. Unataja tena, kanaandika mbili. Hata Bushira jirani yako akija kuomba chumvi, kenyewe kanakungojea palepale.

Kanatumia jiwe moja bapa, la kung'aa, duara kama sarafu. Batoto ba shule banasema pile, bengine betri. Miye na weye tutazikwa tukisema jiwe. Mulango wake wa nyuma ulikuwa na kavisi, kale kamusumari ka kukaza kwa bisibisi, kakapotea njiani, ndiyo maana bateja balikakataa na ndiyo maana kamekufikia weye kwa mapenzi. Mulango unashika bila kavisi. Usiuguseguse tu.

Munibusie mujukuu wako Yasini. Mama yake, Salma wako, alinipigia kutoka Uvira. Anasema masomo ya ushonaji yanaendelea vizuri, sasa anakata kola, na anauliza kama mutoto anamukumbuka bado. Nilimwambia mutoto wa mwaka mumoja na nusu anamukumbuka mwenye chakula.

Ni miye mudogo wako,
Waziri


Kazimia, 29 Juni 2022

Mudogo wangu Waziri, uliyeshindwa na mbuzi,

Wa alaykum salaam, na pole ya muguu. Mbuzi anaendeleaje? Mumefika kumuona, mumemupelekea sukari? Mwambie muke wako kwamba mwenye kutaka ndakala bila muchanga aingie mwenyewe ziwani akaziokote moja moja na kijiko.

Huku tuko salama. Ndakala mwaka huu zimekuja kama zimefukuzwa. Turubai yangu ya kuanikia imejaa kutoka mulangoni mpaka kwenye choo, hakuna pa kukanyaga. Yasini amefundishwa na nani sijui, hangojei tena kupikiwa. Anatembea juu ya turubai akichagua zinazong'aa, anatia mudomoni. Juzi nimemutoa mudomoni kifungo, kizibo cha chupa, na kipande cha sabuni yangu ambacho alikuwa anakifurahia. Anafanana na mujomba wake, kila kitu ni chake.

Kamashine kamefika. Waziri, Mungu akulipe, na akusamehe ile bei unayouzia bantu. Siku ya kwanza nilifika elfu tatu. Bamama ba musikitini balinizunguka kama nimerudi hija. Bushira peke yake alinuna. Akasema ni bidaa, uzushi katika dini, eti Mtume hakuwa na mashine. Nikamwambia Mtume hakuwa na meno ya plastiki pia, na yako tunakuona nayo kila Ijumaa. Sasa anasema nabonyeza wakati napika. Uongo! Nataja nikipika. Tofauti iko.

Lakini jiwe lake ni vivu. Baada ya juma mbili namba zilianza kufifia, zikawa kama macho ya muntu anayesinzia kwenye hotuba. Nikafanya kama tunavyofanya siku zote na majiwe ya radio: nikafungua mulango kwa kucha, nikalitoa, nikalianika juani pale kwenye turubai, pembeni ya ndakala. Wallahi lilifufuka! Likanipa mia mbili na hamsini, likafa tena. Kwa hiyo kila asubuhi naanika samaki na naanika jiwe, na adhuhuri naanua vyote viwili.

Tuma jingine. Na tuma kavisi. Mulango umeanza kulegea, unafunguka wenyewe nikisujudu.

Yaya yako,
Mwanahamisi


Baraka, 16 Julai 2022

Yaya mwenye elfu tatu,

Idi mubarak, ijapokuwa imepita na nyama imekwisha. Tulichinja kidogo. Nilitaka mbuzi, muke wangu akasema miye na mbuzi tusikutane tena mwaka huu. Hakuna mugonjwa hapa ila yule wa plasta, ambaye anawashwa ndani na anajikuna kwa spoku ya baiskeli.

Barua yako niliisoma dukani kwa sauti. Usikasirike! Si audio, ni karatasi, hukuapa juu ya karatasi. Pale pa kuanika jiwe na ndakala bateja balicheka mpaka mumoja akanunua taa bila kubishana. Yaya, hii si ile ya radio ya baba. Haya majiwe madogo hayaanikwi. Likikufa limekufa.

Nimemupa Gordien karatasi yenye mapya matano. Nyuma yake kuna picha ya mutoto aliyepigwa musitari mwekundu. Nafikiri maana yake ni kwamba usimutume mutoto kuyanunua, atapoteza chenji. Hilo la zamani litupe tu popote, halina kazi tena duniani.

Msalimie Bushira na meno yake.

Mudogo wako,
Waziri


Kazimia, 9 Agosti 2022

Kwa mudogo wangu mupendwa Waziri,

Salamu nyingi kwako, kwa muke wako mwema, kwa batoto benu bote, kwa bajirani, na kwa duka. Natumaini muguu unaendelea vizuri na hauwashi tena. Huku hali ya hewa ni nzuri. Upepo ni wa kawaida. Majiwe matano nimeyapata na nimeyaweka juu kabisa, ndani ya kopo, juu ya kabati. Ahsante sana. Bushira naye anakusalimia. Ziwa limetulia, na bavuvi banasema mwezi ukiisha, giza likirudi, watapata zaidi. Nimepata pia habari kwamba barabara yenu inatengenezwa, ni jambo la kheri.

Yasini iko na mafua kidogo.

Hakuna cha kuogopa. Ni mate tu, yanamutoka kama mutoto anayeota meno, lakini meno yake ameshaota. Ugali anaukataa. Ndakala anazitazama, hazigusi. Supu anakunywa kidogo, kisha anakohoa na inarudi. Usiku anakoroma kama muzee, na sauti yake imekuwa na kutu. Jumamosi nilimupeleka sentre ya afya. Muganga Eddy aliniuliza amekula nini, nikamwambia jiwe. Akacheka. Akasema, mama, batoto bote ba Kazimia banakula majiwe na udongo, ni damu imepungua na minyoo imezidi. Akamupa dawa ya minyoo. Akasema jiwe litatoka lenyewe kwa njia ya kawaida, nitazame tu.

Basi natazama. Kila asubuhi nachekecha choo chake kwa kijiti na maji kama wale vijana wanaotafuta dhahabu Misisi. Leo ni siku ya nne na sijatajirika.

Bushira ameuliza mutoto ana nini. Nilimwambia meno. Hutamwambia lingine ukimuona, wala Salma, nakuomba. Salma iko kwenye mitihani. Antena imekufa kabisa tangu Ijumaa, afadhali.

Ulisema jiwe likikufa halina kazi tena. Hilo lilinipa raha.

Ni miye yaya yako akupendaye,
Mwanahamisi binti Ramazani


Baraka, 11 Agosti 2022, saa tano asubuhi

Yaya, jiwe gani?

Naandika mbio, Gordien amewasha mashine ya boti na ananingoja miye tu. Ningekuja mwenyewe, lakini na plasta hii watanipakia kama gunia na watanishusha mwisho.

Barua yako ilifika asubuhi hii, nikaanza kuisoma dukani kama kawaida yangu ya kijinga. Nilishangaa tu umenitaja kwa adabu, nikasema yaya anataka kitu. Nilikuwa nacheka pale pa Misisi. Dokta Vanessa wa hospitali alikuwa amekuja kununua jiwe la termometa. Yeye hakucheka. Aliniuliza maneno mawili tu, hayo niliyoanza nayo. Nikasema jiwe, jiwe la chini, batoto banakula. Halafu nikatazama kile alichoshika mukononi, kile nilichomuuzia, nikashika kalamu.

Kama ni lile la mashine, sikiliza, na usome mara mbili. Si kweli kwamba limekufa. Miye nilisema kwa kujifanya mujuzi. Kwa kuhesabu limekufa, kwa kuchoma iko hai. Dokta anasema likikwama kooni mate ya mutoto yanaliamsha, linaunguza nyama polepole kama magadi makali, na halitoki kwa njia unayochekecha. Linatoboa.

Usimupe chakula. Usimutapishe. Usimupigepige mugongo. Mukalishe wima mapajani, na muingie boti hii hii, ya Gordien, inayokuletea karatasi hii. Hatapakia muzigo mwingine, nimeshapatana naye. Dokta anangoja hapa pwani na gari.

Najua kwa nini ulisema "jiwe" ukanyamaza. Unaogopa Bushira atasema bidaa imemukaba mutoto. Aseme! Apande juu ya musikiti aseme kwa kipaza sauti. Aibu utaiona ukishafika, nitakusaidia kuiona. Sasa kimbia.

Waziri


Bukavu, 28 Agosti 2022

Mudogo wangu,

Salamu. Mugonjwa mwenzako wa plasta hapa chumbani anaitwa Constance, na yeye pia ni pikipiki, lakini kwake ilikuwa ng'ombe. Nimemwambia amekupita cheo. Bukavu ni baridi, na bantu ba hapa banapanda vilima kama wamekosana na tambarare. Antena ziko kila nyumba, lakini nakuandikia kwa sababu Salma analala kitanda cha pili na telefone ina masikio. Karatasi naiandikia kwenye ngazi.

Sikukushukuru siku ile pwani. Niliona umetoka dukani ukiburuta plasta kwenye muchanga mpaka magotini mwa maji, unalia mbele ya bavuvi. Miaka yote hii nilijua uko na bei tu, sikujua uko na machozi.

Pale Baraka walimupiga radio. Nilikuwa sijaelewa, nikawaambia mutoto si wa kuimba. Kumbe ni ile picha ya mifupa. Nikaliona, Waziri. Jeupe, duara, limekaa kooni pake chini kidogo ya shingo kama mwezi. Dokta Vanessa akanionyesha ukingo wake, uko mara mbili, akasema sarafu ina ukingo mumoja, hili ni lile. Maisha yangu yote nimetia majiwe ndani ya radio, na ile ndiyo radio ya kwanza kunionyesha jiwe ndani ya mutoto wangu.

Barabara sitakusimulia. Uvira tulisimama, Salma akaingia garini na mita ya kushonea ingali shingoni. Hakuniuliza chochote mpaka juu ya mulima wa Ngomo. Huko akasema, mama, amemeza nini? Nikasema jiwe. Akasema, jiwe gani? Mumekubaliana nini, weye na mujomba na dokta, mutumie neno moja? Nikatazama nje. Kulikuwa na ukungu, hapakuwa na cha kutazama.

Walilitoa kwa mupira wenye taa, akiwa amelazwa kwa dawa. Dokta wa hapa alinionyesha ndani ya kikopo. Jeusi upande mumoja, kama chungu. Upande ule ndio uliokuwa umeegemea nyama. Koo limeungua. Hawajui bado kama limetoboka kuelekea kwenye njia ya pumzi. Wanamulisha kwa mupira mwembamba kupitia puani, maziwa na uji uliochujwa, na mudomo hautumiki. Wamesema tungoje mwezi na zaidi kidonda kikauke, kisha wamujaribu kwa maji. Maji yakienda njia yake, tutapona. Yakiingia mapafuni, watamupasua, na hapo hakuna anayenitazama machoni akimalizia sentensi.

Analia bila sauti. Mudomo unafunguka, machozi yanatoka, na hakuna kitu kinachosikika. Waziri, ningetoa kila ndakala ya ziwa lile nisikie kelele zake zile zilizokuwa zinaniudhi.

Salma hasemi na miye. Ananiletea chai, anaiweka, anaondoka. Nilisema jiwe, basi. Jiwe si jiwe? Yule Eddy ana diploma ukutani, si angeuliza? Ningejuaje?

Na weye, kavisi kalikuwa wapi? Nilikuomba Juni. Ulinijibu habari za mbuzi.

Mwanahamisi


Baraka, 17 Septemba 2022

Yaya,

Alhamdulillahi, plasta imetoka! Muguu ulio ndani si wangu. Ni mwembamba, mweupe, una nywele kama wa kuku aliyenyonyolewa nusu. Muke wangu anauficha wageni wakija. Bote bazima, banakuombea, hata mbuzi anapita mbele ya duka na kunitazama kwa huruma.

Nataka nikuambie ninachofanya siku hizi, usije ukasikia kwa bengine ukadhani nimerukwa na akili. Dokta Vanessa alinifundisha. Asubuhi nakata kipande cha samaki mubichi, nakilowesha maji ya chumvi, nalaza juu yake jiwe moja lililokufa, lile la kutupwa. Nakiweka kwenye sahani juu ya meza ya duka. Bateja banasema, Waziri, sasa unauza na chakula? Nasema zunguka sokoni, urudi. Wakirudi nageuza jiwe, na pale lilipolala samaki amekuwa mweusi, ameoza kama amechomwa. Hakuna anayecheka. Bamama banakwenda nyumbani mbio kufungua telekomande zao. Sasa siuzi kitu chenye mulango bila visi, na muteja akisema "nipe jiwe" namuuliza gani, hata kama namuona ameshika radio.

Bushira alikuja. Ndiyo, yeye mwenyewe, kwa boti, akatapika njia nzima. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba Kazimia, amekusanya majiwe madogo yote yaliyokufa kwenye kopo la maziwa, akanipa niyafukie. Nilingoja aseme bidaa. Akasema tu, "Mwambie Mwanahamisi turubai yake naianika miye." Halafu akasema pia kwamba elfu tatu zako hakuziamini na haziamini mpaka kesho. Eddy naye aliniandikia. Barua yake sitakutumia, ni ya muntu anayeumwa rohoni.

Kavisi umeniuliza mara mbili. Jibu nimemwandikia Salma, barua yake peke yake, imetoka jana. Weye usiniulize mara ya tatu.

Mudogo wako,
Waziri


Bukavu, 9 Oktoba 2022

Waziri, mudogo wangu mwongo,

Salamu zote unazijua, nitakazoruka ujaze mwenyewe. Constance ametoka hospitali, ameolewa na muuguzi, au karibu.

Ile barua uliyomwandikia, Salma aliisoma mara ya kwanza akiwa amesimama. Mara ya pili alikuja akakaa kitandani kwangu. Akasema, "Mujomba anasema kosa lote ni lake. Eti alikuwa na kopo zima la visi chini ya meza, akaona uvivu kutafuta kanakotosha. Eti alikuambia jiwe limekufa, ulitupe popote. Eti weye huna hata chembe." Akaikunja. Akasema, "Mujomba anadanganya vibaya. Anadanganya kama anauza saa."

Basi nikamwambia lililobaki, lile ulilolificha kwa ajili yangu. Kwamba majiwe mapya yalikuwa yamefika na bado nililianika lile la zamani, kwa sababu nilitaka kuona kama litafika elfu. Kwamba niliingia kugeuza ugali, nikatoka, ndakala zilikuwepo na jiwe halikuwepo, na Yasini alikuwa amekaa katikati ya turubai anameza kwa shida. Nilijua saa ile ile. Nilijua nikimwambia Eddy "jiwe", nilijua atasikia nini, na nikamwacha asikie hivyo. Nilisema yote, na Salma alinitazama mpaka mwisho. Hakuniambia nimekusamehe. Alisema, "Kesho wanamujaribu kwa maji. Utamushika weye, amezoea magoti yako."

Hiyo kesho ilikuwa jana.

Walimutoa mupira puani. Yasini akakunja uso, akatutazama sote mumoja mumoja kama hakimu: dokta, bauguzi babili, Salma ukutani na mikono mudomoni, na miye niliyemupakata. Dokta akachukua kijiko cha maji, akasema tusiseme neno. Akamutia mudomoni. Mutoto hajatumia mudomo tangu Agosti, Waziri. Akayashika maji pale shavuni. Akayashika tu. Nilihisi tumbo lake halipandi wala halishuki, na langu vilevile. Dokta alikuwa amemuwekea sikio kifuani, anangoja kikohozi.

Akameza. Nililiona koo linashuka na kupanda. Hatukusikia kikohozi. Dokta akasikiliza huku, akasikiliza kule, akamugeuza, akasikiliza mugongoni. Kisha akajaza kijiko cha pili akakisogeza.

Yasini akakisukuma kwa mukono na akasema, "Toka!"

Sauti ile! Nzito, yenye kutu, kama muzee anayevuta tumbaku tangu ukoloni. Muuguzi mumoja aliangusha sahani. Salma alicheka mpaka akateleza na ukuta akakaa chini, na pale chini akalia, akaja kwa magoti akalaza kichwa mapajani kwangu, pembeni ya muguu wa mutoto. Nilimuwekea mukono. Hakuutoa.

Sasa usidhani yamekwisha. Dokta anasema kamba moja ya sauti imelala na huenda isiamke, mutoto atasema kwa sauti hiyo maisha yake yote. Koo lina kovu, kila baada ya mwezi tutarudi walipanue kwa mupira, labda mwaka, labda zaidi. Chakula kigumu bado. Lakini leo amekunywa uji kwa kikombe, na kila anayekuja anamupa neno lake moja. Dokta, toka. Padri aliyepita kuombea bagonjwa, toka. Bibi yake anayemuosha makalio, toka.

Njoo umuone, na huo muguu wako wa kuku. Atakuambia toka. Usitoke.

Yaya yako,
Mwanahamisi